Milango ya Hail, Usukani wa Salalah

Hail, Sib
12 Aprili 1999

Mdogo wangu Mastura,

Asalaam alaykum. Inshaallah karatasi hii itakukuta mzima, wewe na shemegi Yaqdhan na watoto. Sisi huku Hail hatujambo, alhamdulillahi. Thabit sukari inampanda na kumshuka, na kuambiwa aache halua hasikii; juzi nimemfuma kaficha sahani nyuma ya televisheni, mtu mzima na ndevu zake. Mwanangu Alaa kapata kazi benki kule Ruwi na kila asubuhi nagombania naye choo. Muhsina, mtoto wa ami, kajifungua tena mtoto wa kike.

Nakuandikia kwa sababu simuni hatuwezani. Mara ya mwisho ulinikatia simu usoni, nami nikaapa sikupigii tena. Karatasini hakuna kukatiana. Ukitaka kusonya, sonya, mie sisikii.

Sasa nisikilize. Kuna watu wa mnada hapa Muscat wanakusanya magari yaliyotumika katika tamthilia za zamani, na matajiri wa Kuwait na Dubai wanayagombania. Wanalolitafuta khasa ni lile Toyota Crown la kijani lenye paa jeupe, gari la Mpelelezi Ghassan. Lo! Unaikumbuka Ramadhani ile? Futari hata haijashuka kooni, mitaa mitupu, kila mtu yuko mbele ya televisheni anamngoja Ghassan. Alaa kawaambia kuwa babu yake, marehemu mzee wetu Musallam, ndiye aliyekuwa msimamizi wa magari ya wale watu wa tamthilia, na walipomaliza kupiga picha walimwachia Crown zote mbili. Moja ndilo aliloliendesha Ghassan mbele ya kamera. La pili ni pacha wake, la akiba, likikaa pembeni kungoja lile liharibike, na halikuharibika. Baba akatupa kila mtu lake, mwaka ule tuliopata leseni mimi na wewe.

La kweli ndilo langu. Mie ndiye mkubwa, na mkubwa hapewi la akiba. Ninachokitaka kwako ni mistari miwili tu, uandike kuwa lako ndilo la akiba, kwa sababu mnadani litaingia gari moja, na mnada wenyewe ni mwezi wa pili mwakani. Lako liko uani linaota kutu kwa mvua zenu za khareef, na nasikia kuku wanatagia ndani. Litakufaa nini?

Wabusu watoto.

Dada yako,
Masouda


Salalah
20 Mei 1999

Dada Masouda,

Nakupa shikamoo yako kwanza, maana nisipokupa utasema Salalah imenitoa adabu. Hatujambo. Yaqdhan kapandishwa cheo bandarini, sasa anarudi nyumbani kachoka na kiburi juu. Mie skuli wamenipa darasa la sita, watoto hawakai kitako, sauti imenikauka. Hongera kwa Alaa. Muhsina mpe pole na hongera, vyote viwili.

Mistari miwili unaitaka? Haya. Wa kwanza: gari langu ndilo la kweli. Wa pili: kuku hawatagii ndani ya gari langu, aliyekwambia muongo. Nimelifunika turubai na kila Ijumaa naliwasha.

Na usidhani umeniletea khabari mpya. Siku ileile mwanao alipofungua mdomo mbele yao, Muhsina alinipigia. Nami nimeshawaandikia hao watu wa mnada, kabla wewe hujanunua stempu.

Ushahidi ninao. Usukani wa gari langu, upande wa kulia, una alama ya moto wa sigara. Ghassan kila akimvizia mhalifu alikuwa akikaa garini na sigara vidoleni, mikono juu ya usukani, na kamera inamsogelea mpaka unaiona ile alama waziwazi, nyeusi, mfano wa kunde. Kanda zote ninazo. Njoo utazame.

Dada, mie silii riyali. Nakwambia wazi kwa vile uko mbali na huwezi kunikodolea macho. Mkufu wa bibi uliuvaa wewe. Nyumba ya pwani wewe. Mama alifia mikononi mwako, na mie nilipigiwa simu jeneza limeshatoka. Kwa nini, mpaka leo hujanambia. Maisha yangu yote nimepokea kilichobaki baada yako. Kitu kimoja tu Baba alinipa mimi kikawa kizuri kuliko chako, kimoja tu, na hicho nacho umekitolea macho. Wivu ninao, sikatai. Unanikereketa tangu nna miaka mitano. Lakini safari hii ninaye Baba upande wangu.

Msalimie shemegi Thabit, mwambie halua itamuua.

Mastura


Hail
6 Juni 1999

Mastura,

Salamu za Thabit, Alaa na majirani wote. Joto la mwaka huu halina mfano, bomba la maji baridi linatoa maji ya chai. Thabit kashikwa na daktari, sasa anakula tende kwa kuhesabiwa na kila moja anainung'unikia.

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, na zote mbili imenitia moto. Alama ya sigara! Muscat ya siku zile nani hakuwa akivuta sigara garini? Shemegi Yaqdhan mwenyewe si bomba la moshi? Mie nna ushahidi usiopingika. Mlango wa dereva wa gari langu una bonde. Bonde lile alilipiga ngamia. Unakumbuka pale Ghassan anasimama njia ya Nizwa, ngamia akakasirika akaupiga mlango teke? Yule ngamia hakuambiwa na mtu afanye vile, kakasirika mwenyewe, na wale watu wakafurahi wakaiacha picha ilivyo. Oman nzima ilicheka. Mlango ule ninao, bonde la kwato liko vilevile, nalipapasa kila nikifungua. Na wako, ninaukumbuka vizuri, umenyooka kama sahani. Haya, ngamia wako yuko wapi?

Unasema kila kitu mimi. Ebo! Na aliyepelekwa kusoma Kuwait nani? Mie nilikuwa na akili kukushinda, mwalimu mwenyewe alisema, nikaambiwa nibaki nimsaidie Mama. Wewe ukarudi na viatu virefu na Kiingereza. Na Baba je? Akirudi kazini, mie ndiye niliyemfungulia mlango, nikampokea kofia, nikamtilia maji ya kunawa. Na yeye, kabla hajakaa, anauliza: "Mastura kaandika?" Kila siku, Mastura. Mie nimesimama mbele yake na birika mkononi, ananiuliza wewe. Ulikuwa ukijua hayo?

Kwa hivyo lazima gari la kweli alinipa mimi. Lazima. Vinginevyo miaka yote ile nilimtilia maji ya nini?

Watu wa mnada wana mkaguzi wao, atakuja kwako kisha kwangu. Mwache akague. Hasidi hana sababu, lakini chuma hakisemi uongo.

Masouda


Salalah
15 Agosti 1999

Dada Masouda,

Natumai mko salama na hilo joto lenu. Huku ni khareef, manyunyu asubuhi na jioni, milima kijani, na nusu ya watu wa nchi za Khaleej wamehamia kwetu kupiga picha. Ukungu umeingia mpaka kwenye godoro. Mwanangu mkubwa kafaulu, alhamdulillahi. Yaqdhan anakusalimu, na anasema yeye si bomba la moshi.

Mkaguzi kaja. Ni Mkenya, Rufus jina lake, mpole, anatoa viatu mlangoni bila ya kuambiwa. Kajilaza chini ya gari langu asubuhi mpaka nikamletea chai hukohuko mvunguni. Kasoma namba ya bodi, kafananisha na karatasi za wale watu wa tamthilia. Kautazama usukani kwa lenzi, kaweka kanda, kasimamisha picha, katazama tena. Mie nimeshika shela yangu kwa meno. Khalafu kasimama, kafuta mikono, kasema kwa Kiswahili chao kile: "Mama, hii gari ndiyo ile. Lakini pia sio ile."

Nikamwambia, "Mwanangu, sema lugha ninayoijua."

Kasema bodi ndiyo yenyewe, namba inasadifu. Usukani ndio wenyewe na kiti cha dereva ndicho. Lakini milango yote na boneti ni vya gari jingine. "Sasa nani alitoa hizi milango, mama? Uliuza?" Mie kuuza milango! Kasema gari likiwa hivyo mnadani ni nusu mtu, na nusu mtu hana bei.

Basi nimekaa nimefikiri, dada. Mwaka ule mlipokuja kututembelea mkakaa wiki nzima, shemegi Thabit alikuwa akishinda uani kwangu na mfuko wa spana. Nilimuuliza anafanya nini, akasema anamtengenezea mwanangu baiskeli. Baiskeli mpaka leo haiendi.

Nakuuliza kwa heshima zote za udogo wangu: milango yangu iko wapi?

Mastura


Hail
2 Oktoba 1999

Mastura,

Sikukujibu upesi kwa sababu kila nikishika kalamu yanatoka matusi. Thabit hajambo. Nilipomsomea barua yako kacheka mpaka kikohozi kikamshika. Mie sikucheka. Mume wangu kumwita mwizi wa milango, mtu ambaye hata balbu hawezi kubadilisha! Ile baiskeli aliiharibu kwa nia njema.

Rufus kaja kwangu pia. Kauona mlango wa dereva, kalipima bonde, kaweka kanda, kasimamisha ngamia. Uso ukamwangaza. "Hii ndiyo yenyewe, mama." Nusura nipige vigelegele. Khalafu kaingia mvunguni, na alipotoka hanitazami machoni. Bodi ni ya la akiba. Usukani wa la akiba. Milango na boneti ndivyo vya kweli. Namjua mtu anayenidhania mwizi, Mastura, na kijana yule alinidhania mwizi ndani ya nyumba yangu, na kahawa yangu mkononi.

Nikavaa buibui nikaenda Hamriya kwa Ami Zahor, dukani kwake kwa spea. Baba na mdogo wake huyo walikuwa hawafichani kitu. Nikamwambia yote. Ami kacheka mpaka meno ya bandia yakataka kumtoka.

"Nyie bado tu?" kasema. "Marehemu alinijia hapa na magari yote mawili. Akanambia, 'Zahor, nikimpa mmoja la kweli na mwengine la akiba, mie kwangu silali tena. Nigawie kama doti ya kanga, kila mtu upande wake.' Tukafungua milango tukaibadilisha. Boneti tukampa Masouda. Usukani na kiti tukaviacha kwa Mastura, ili vitu vilingane. Rangi moja, nani atajua?"

Nikamwambia, "Ami, miaka yote hii tunagombana, hukutwambia?"

"Nikwambieni nini? Kila mmoja alikuwa akisema lake ndilo. Na nyote mlikuwa mkisema kweli. Baba yenu hilo lilimfurahisha sana."

Nilitoka pale nikakaa kwenye gazeti barazani mwa duka la Banyani. Baba kagawa gari kama kanga. Nani mwengine duniani angefanya hivyo? Kitu cha thamani kakikata vipande viwili visivyofaa, na kaondoka anatabasamu.

Sasa sikia alilolisema Rufus. Tukiyaweka pamoja, milango yangu kwenye bodi yako, gari la Ghassan litakuwa limekamilika, na mnadani litaleta pesa za kutupeleka hija sote wanne na chenji ibaki. Litakalobaki ni chuma chakavu. Kwa hivyo leta gari lako Hail. Pesa nusu kwa nusu. Kwenye kitabu cha mnada wataandika jina la mwenye gari, na mie ndiye mkubwa.

Masouda


Salalah
3 Novemba 1999

Dada,

Hatujambo, nanyi muwe hivyohivyo. Mvua imekwisha, sasa ni nzi.

Nililia nilipoisoma barua yako, na Yaqdhan kadhani kafa mtu. Unajua nililia nini? Nilikuwa nikitaka nisikie kuwa alinipa mimi. Miaka kumi na saba nimelala na hilo. Nikigombana na mume, nikifokewa na mwalimu mkuu, nilikuwa nikijiambia: si neno, Baba alinipa mimi la kweli. Sasa sina hata hilo, na kilichoniuma zaidi ni kuwa nilipogundua na wewe huna, nilifurahi. Kidogo. Sikufichi.

Gari sileti. Leta milango Salalah. Bodi ndiyo gari, milango ni nguo tu, na mwenye nguo ndiye anayemfuata mwenye mwili. Si wanasema nyumba njema si mlango? Na jina litakuwa langu, kwa kuwa namba ni yangu.

Na lile nililokuuliza mwezi wa tano, la Mama, hujanijibu. Umejibu la sigara, umejibu la baiskeli. Hilo umeliruka.

Mastura


Hail
21 Novemba 1999

Mastura,

Alaa kaposwa. Mchumba ni mtoto wa watu, wa Sib, anafanya kazi uwanja wa ndege. Nakwambia wewe kwanza ili usije ukasema umeambiwa na Muhsina.

Mnada uko Muscat, wewe unataka nipeleke milango Salalah ili irudi Muscat? Hata ngamia yule angeona huo ni wazimu. Haya, tumalize. Majina yawe mawili, langu likitangulia. Nauli ya lori nalipa mie. Rufus anasema gari lifike baada ya Idi, na yeye mwenyewe atasimamia kulivisha milango.

Kama hutaki, sema hutaki, nijue kuwa kwa mdogo wangu bora sote tukose kuliko mie nipate.

Masouda


Salalah
11 Januari 2000

Dada,

Idi mubarak. Pilau lilikosa chumvi, watoto walikula hivyohivyo. Mpe Alaa mkono wa heri.

Gari limepanda lori leo asubuhi, limefungwa kamba vizuri. Nimesimama barabarani mpaka lilipopotea, na jirani kaniuliza namuaga mtoto gani. Kila kitu kimo. Usiniulize zaidi.

Mastura


Hail
6 Februari 2000

Mastura,

Sote hatujambo, na salamu sina.

Mnada umefanyika juzi na gari la Ghassan halikuwamo. Nitakwambia kwa nini, ingawa wewe unajua kabla yangu.

Rufus alikuja gereji na kalamu na karatasi zake. Sikumngoja; milango imeshafungwa, boneti imeshafungwa, gari linang'ara, wallahi nilimwona Baba amesimama pembeni na kofia yake. Alaa kapiga picha. Khalafu Rufus kafungua mlango, kainama juu ya usukani, na badala ya kutoa lenzi kanusa. Kanusa, Mastura! Kama mtu anayenusa samaki sokoni. "Mama," kasema, "hii imechomwa juzi. Bado inanuka." Usukani ni wa gari jingine. Alama ya sigara iko palepale upande wa kulia, mfano wa kunde kama ulivyoniandikia, lakini imechomwa na bomba la moshi ninalolijua mimi, linafanya kazi bandarini.

Nilifedheheka mpaka ardhi nikaiona ndogo. Nikamwambia yule kijana, "Si ulishaukagua Salalah? Kwa nini ukague mara ya pili?" Kasema, "Mama, mimi siwezi weka jina yangu kwa uongo." Kaandika kaandika, kasema gari haliendi mnadani, kaaga kwa adabu zake.

Kulikuwa na maneno pia kuhusu mlango, kuwa una kasoro kidogo. Sikumfahamu vizuri, Kiswahili cha Wakenya kizito.

Umeridhika? Zamani nilidhani una kijicho cha utotoni, kitakwisha ukizaa. Hakikwisha. Pesa za hija umezitia moto kwa sigara moja.

Gari lako liko gereji, linanilipisha kila siku. Sema unataka nilifanye nini.

Masouda


Salalah
1 Machi 2000

Dada Masouda,

Hatujambo huku. Mwanangu wa pili kang'oka meno ya mbele, anazungumza kama Ami Zahor.

Rufus alinipigia simu. Kijana muungwana, kaniomba radhi kana kwamba kosa ni lake. Kanieleza la usukani. Khalafu kanieleza la mlango. Kasema, "Mama, hiyo bonde sio ya ngamia. Ni nyundo." Bonde limepigwa kwa nyundo, tena na mtu asiyejua kushika nyundo. Si mlango wangu wa dereva ule, ulionyooka kama sahani, dada? Kwa kupiga vile namjua ni Thabit, ndiye aliyeiua baiskeli.

Kwa hivyo mie niliuficha usukani, na wewe uliuficha mlango. Wewe hukujua langu, mie sikujua lako, na kila mmoja alikaa akingoja amkamate mwenzake. Nilicheka peke yangu jikoni mpaka nikakaa chini. Watu wanasema Baba alitugawia sawa kwa sababu alitupenda sawa. Mie naona alituogopa sawa.

Usukani uko kabatini kwangu. Nilipokwenda kuuaga kabla ya lori kuja, mkono ulikataa kuuachia. Nilifikiria utakavyoshikwa na tajiri wa Kuwait, sikuweza; nikafikiria jina lako limeandikwa juu ya langu, ndiyo kabisa sikuweza. Nawe najua, ingawa hukusema wala hutasema, kuwa ulipofika kwenye mlango ule uliupapasa ukafikiria hivyohivyo.

Sasa nikwambie kitu. Uliniandikia kuwa Baba akirudi kazini alikuwa akiuliza, "Mastura kaandika?" Sikujua. Wallahi sikujua. Mie kule Kuwait nilikuwa nikipokea barua zake, dada, nikizifungua kwa hamu, na ndani hamna ila wewe. Masouda kapika hivi, Masouda kanishonea kanzu, Masouda akili zake laiti na yeye tungempeleka. Barua nzima. Mwisho kabisa, mstari mmoja, "Na wewe soma kwa bidii." Nilikuwa nikizichana, na kila nikichana moja nilikuchukia zaidi. Sikubakisha hata moja ya kukuonesha.

La Mama hujanijibu. Basi. Sikuulizi tena. Nadhani ulitaka angalau yeye awe wako peke yako, na mie ningefanya hivyohivyo.

Gari lisikulipishe, lipeleke nyumbani kwako, lilaze pembeni mwa lile la akiba. Idi kubwa tunakuja Hail, sote, na watoto. Pika biriani, mie nitakuja na halua ya Salalah, Thabit asijue. Yote nimekusamehe, dada, mkufu, nyumba, hata Mama nimekusamehe.

Usukani sikupi.

Mdogo wako,
Mastura